Loukoum ya Papa

Siku ya posho, 12 juillet 2025

Tantine Chancelvie amefika toka Turquie! Ni mudogo wa Papa, tumbo moja. Alifungua valise mu salon: pistache, zile karanga za kijani, zeituni, na boîte munene ya loukoum — bonbon laini, zimejaa sukari ya unga. Nilikula moja. Mamawe, tamu! Nikakula ingine, na ingine. Zeituni, non. Djo, mudogo wangu, alitemea yake ku dirisha.

Papa hakutoka mu chumba. Mwaka jana Tantine alienda Turquie bila kumuaga, yeye yaya, mukubwa wake aliyemulea! Papa aliapa: kitu ya mukono wa Chancelvie haitaingia mu kinywa yake. Tantine alienda kulala kwa rafiki, mu quartier Hewa Bora. Alikuwa anacheka, lakini macho nyekundu.

Siku ya Mungu, 13 juillet

Kwetu hakuna muntu anamaliza chakula kama sehemu ya Papa haijawekwa. Hata kuku, firigisi ni yake. Basi Mama alichagua loukoum nzuri, zile za kijani, akafunika na sahani mu kabati. Papa anasema azitupe. Mama: ya Papa ni ya Papa, hata ikioza.

Boîte yetu imekwisha. Nimelamba hata karatasi. Sina haya.

Siku ya pili ya juma, 15 juillet

Loukoum za Papa zimepungua! Bote baliniangalia miye. Eti miye njo mulafi wa nyumba. Kweli, niko mulafi — lakini si miye! Na Papa mwenyewe akanihubiria mbele ya bantu: Plamedie, tamaa ni mubaya. Nililia na hasira.

Siku ya ine ya juma, 17 juillet

Imebaki moja. Mama amenikataza kupita karibu na kabati. Vraiment!

Siku ya posho, 19 juillet

Tantine iko hapa! Kesho anapanda ndege, na safari hii amekuja kuaga. Amepiga magoti mbele ya Papa: Yaya, nimekosa, nibariki. Papa sura ngumu sana. Anasema alishaapa, kitu yake hakuonja hata kidogo.

Na ku moustache yake — sukari! Nyeupe pee!

Mama amejifunika kinywa na kitenge. Djo amekimbia inje. Miye niko nyuma ya pazia na kalamu, tumbo linaniuma juu ya kicheko. Nani atamwambia?

Tantine ametoa kitambaa. "Yaya, ngoja kidogo." Anamupangusa polepole, sawa mutoto. Papa ameangalia kitambaa. Amejua! Lakini hakurudisha kichwa nyuma.

Sasa anauliza, sauti chini: "Ile ya kijani, banatiaka nini ndani?"

"Pistache, Yaya." Tantine analia na kucheka pamoja. Hata miye machozi yananitoka.

Eh! Na miye je? Nani ataniomba pardon? Natoka hapa sasa hivi. Yo, Papa anaita jina yangu —