Maneno Mawili Chini ya Mawimbi

Mzee wangu, shikamoo.

Ni mimi Hamza, uliyenifundisha kusoma karatasi za tetemeko hapa kituoni Lushoto. Juzi tumekusomea arobaini. Watu walijaa mpaka barabarani, pilau ikapungua. Na mimi nilikula. Sijui nilikulaje.

Tangu ustaafu, kila asubuhi nabadilisha karatasi kwenye mashine kama ulivyonionyesha. Lori la mbao likipita likaitikisa sindano, bado nakusikia: "Hilo ni lori, Hamza, usinitangazie kiama." Nacheka peke yangu kama mwehu.

Siku ile sindano iliruka mpaka ikatoka nje ya karatasi. Nisamehe, Mzee, nilifurahi. Miaka yote nasoma malori, leo tetemeko lenyewe! Nikapima kwa rula nafasi kati ya wimbi la kwanza na la pili, nikapata umbali, nikatafuta mwelekeo. Alama ikaangukia porini, mbali kabisa, mahali ambapo ramani yetu kuukuu ya ukutani haina hata kijiji. Nikataka nionekane mjuzi. Chini ya mawimbi nikaandika: "Hakuna makazi." Nikatuma ofisi kuu. Kituo chetu ndicho kilichokuwa karibu zaidi, wakaniamini.

Uliniambia mara ngapi? "Andika kilichoandikwa na sindano, basi. Ya kwako kaa nayo."

Sikujua kwamba binti yako Zaina na mumewe walihamia huko kulima ufuta. Sikujua kwamba wiki ile ulikwenda kumwona mjukuu. Waliosoma taarifa yangu hawakuona sababu ya kukimbilia huko. Msaada ulifika siku ya nne, baada ya mkwe wako kutembea kwa miguu mpaka penye mtandao. Zaina alikuwa shambani na mtoto ukuta wa nyumba ulipoanguka, ndiyo maana wako hai. Anasema siku ya pili bado ulikuwa unagonga kutoka chini ya kifusi, wao wasiweze kukiinua kwa mikono. Ulikuwa unagonga, Mzee. Na mimi huku nakunywa chai, karatasi nimeibandika ukutani wageni waione.

Mama, mkeo, anadhani ni barabara iliyochelewesha watu. Kwenye arobaini alinishika mikono miwili, akasema, "Hongera, mwanangu, umemzika vizuri baba yako." Nikaitikia. Yarabi, nikaitikia!

Karatasi nimeibandua. Yale maneno sikuyafuta, na jina langu lipo chini yake. Kesho baada ya alasiri naipeleka kwake. Sitasingizia barabara, wala ramani. Akinifukuza nitatoka. Akitaka niketi, nitaketi mpaka amalize yote aliyo nayo moyoni.

Mungu akupanulie kaburi, Mzee, maana mimi nilikuacha kwenye dhiki. Sikuombi unisamehe leo. Nakuahidi tu kwamba Mama atajua kuwa uligonga siku mbili, na aliyesema hakuna mtu ni mimi.

Mwanao,
Hamza