Karatasi Mbili kutoka Unguja

Likoni, Ijumaa ya mwisho ya Desemba 1963

Joto la leo halina upepo. Mawingu yamekaa juu ya Mtongwe tangu asubuhi, hayanyeshi wala hayaondoki, na bendera mpya iliyotundikwa kwenye duka la karibu na feri imelala juu ya mti wake kama nguo iliyosahauliwa kuanuliwa. Nimeswali Magharibi nyumbani, jambo nisilolizoea, kwa sababu sikutaka kukutana na mtu msikitini.

Nina jambo la kuandika, na tangu alasiri nimekuwa nikilizunguka. Nitaanza na sanduku.

Ndani ya sanduku langu la bati mna programu za mechi za mpira. Marehemu mke wangu aliziita karatasi zangu za njugu, na hakukosea, kwani ya kwanza niliipata hivyo. Mwaka 1958, nikiwa ningali nafundisha, nilinunua njugu nje ya kiwanja huko kisiwani Mombasa. Nilipomaliza kuzila niliikunjua ile karatasi iliyosokotwa kama pia, nikaziona timu mbili zimepangwa kama wachezaji wanavyosimama: kipa peke yake, mbele yake mabeki wawili, mbele yao watatu, kisha watano. Ilikuwa mechi ya juma lililopita. Niliitazama mechi ile kwa macho yangu. Timu yetu ya Likoni ilifungwa vibaya, na kipa wetu akatolewa kiwanjani amebebwa, mkono umevunjika.

Lakini katika karatasi ile alikuwa hajavunjika.

Nilisimama pale na chumvi ya njugu vidoleni, nikafahamu kitu ambacho sijapata kumweleza mtu akakielewa. Programu hupigwa chapa kabla ya filimbi. Haijui lolote. Ndani yake hakuna aliyeshinda, hakuna aliyeaibika, na watu ishirini na wawili wamesimama mahali pao wakingoja. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Tangu siku hiyo sikuiacha hata moja inipite. Nyingine nimezinunua, nyingine nimeziokota chini ya viti, moja niliivua kwenye kitabu cha mtu aliyeifanya jalada, nami nikampa jalada bora zaidi.

Nina kanuni moja. Siandiki juu yake. Mimi ambaye nimewahi kusahihisha kwa wino mwekundu hata tangazo la mazishi lililobandikwa msikitini, nayaona makosa ya wapiga chapa, majina yaliyokatwa vibaya na herufi zilizopinduka, nami nayaacha. Hata idadi ya mabao siiandiki. Nikiiandika, ile saa ya kungoja itakwisha.

Kesho asubuhi timu yetu inapanda meli kwenda Unguja. Itakaa huko kiasi cha majuma mawili, icheze na timu kadhaa, irudi kabla ya mwezi wa Ramadhani kuandama. Swaleh, mwana wa marehemu dada yangu, ambaye anakaa nami hapa nyumbani, ndiye winga wetu wa kushoto. Majina ya wachezaji yalipelekwa Unguja zamani, na programu imekwisha kupigwa chapa huko. Nilimwagiza aniletee. Itakuwa ya kwanza kuipata kutoka Unguja tangu kisiwa hicho kipate uhuru wake, siku mbili kabla ya sisi kupata wetu. Juzi niliipangua safu yote ndani ya sanduku, nikaweka kadi nyeupe mahali itakapokaa.

Leo baada ya swala ya Ijumaa akaja Fundi Athmani.

Fundi Athmani ni seremala na rafiki yangu wa tangu ujana. Alikwenda Unguja kufanya kazi ya milango katika nyumba moja kubwa, na hatukumtarajia hadi mwezi wa Februari. Nilifurahi kumwona. Nikamtilia kahawa, nikamwuliza kazi imekwishaje mapema hivyo.

"Haijesha," akasema. "Msumeno umekuwa butu. Natafuta tupa ya kunolea, hakuna. Nenda duka hili, zimekwisha. Nenda lile, zimekwisha. Hata shamba nimekwenda. Mwenye duka ananicheka, aniambia, fundi, umechelewa, watu washazinunua zote."

"Msimu wa kulima labda, watu wananoa mapanga," nikasema.

"Maalim, hapana alimae sasa."

Alilisema hilo kwa kulalamika tu, kama mtu aliyekosa sukari. Nadhani hakulisikia alilolisema mpaka alipokuwa amekwisha kulisema. Akakizungusha kikombe.

Ili kubadili mazungumzo, nikamfungulia sanduku. Nikamtolea programu ya zamani, ya siku ile timu ya Unguja ilipokuja kucheza na yetu. Fundi hapendi mpira lakini anawajua watu. Akaweka kidole juu ya kipa wao, kisha juu ya beki wa kulia.

"Hawa wawili," akasema, "walikuwa wakila sinia moja. Mamake huyu amekufa mwezi wa jana. Huyu wa pili hakwenda kuzika. Anakaa nyumba ya tatu, maalim, na hakwenda."

"Kwa nini?"

"Chama. Kule sasa hata maiti ina chama."

Nikautazama ule ukurasa. Kipa, na mbele yake beki, wamesimama vilevile, wanangoja. Tangu nianze kuzikusanya karatasi hizi, leo ndiyo mara ya kwanza nimeiogopa mojawapo.

Fundi Athmani alipoondoka nilimwita Swaleh. Alikuwa uani akikipaka kiatu mafuta ya nazi. "Naam, mjomba," akaitika, akaja na kiatu mkononi. Nikamwambia hatakwenda Unguja. Hakuuliza sababu. Nimemlea hivyo, na leo nilitamani nisingemlea hivyo, maana angeniuliza ningelazimika kuisema kwa sauti.

"Niwambie nini, mjomba?"

"Waambie goti."

Akakiangalia kile kiatu. "Goti lipi? Nikachechemee upande gani?"

"La kushoto," nikasema, na akatabasamu kidogo, akaenda feri kuwafuata viongozi wa timu. Nilimwona anapita dirishani. Alipofika njiani alianza kujaribu kuchechemea, kisha akajicheka mwenyewe.

Miaka yangu yote ya darasani nilimchapa mtoto kwa uwongo mdogo kuliko ule.

Ningeweza kusema kweli. Lakini kweli yenyewe ni ipi? Kwamba tupa zimekwisha madukani? Kwamba mtu hakwenda kumzika mama wa rafiki yake? Mwezi huu watu wote wana furaha, na mtu akisema ana hofu huulizwa yu upande gani. Hapa Pwani tumeyasikia ya kutosha kuhusu nani anautaka uhuru na nani hautaki. Sikutaka jina langu liingizwe katika mazungumzo hayo. Goti halina chama.

Swaleh alirudi baada ya alasiri. Viongozi wamempa pole, akasema, na hawakukasirika, kwa kuwa wamekwisha kupata mtu wa kushika nafasi yake.

"Nani?"

"Kombo wa hapa jirani. Nimempa na viatu vyangu, mjomba. Yeye hana."

Kombo ni mwana wa pekee wa Mwanasha, mjane ambaye ukuta wa ua wake na wangu ni mmoja. Kombo hupakia magunia bandarini Kilindini. Amekaa na timu misimu miwili akibeba ndoo ya maji na kungoja mtu aumie. Hajapata kuandikwa katika programu hata moja. Nazijua zote, na jina lake halimo.

Nikaketi juu ya sanduku.

Haukupita muda Mwanasha akabisha hodi, ana mkate wa sinia uliofunikwa kwa kitambaa, wa moto bado. Sijamwona na uso ule tangu mumewe afe.

"Masalkheri, maalim. Na huyo mgonjwa wa goti yu wapi? Nimemletea apoze moyo. Masikini, najua anaumwa na safari kuliko goti."

"Ahsante, mama Kombo. Umejisumbua."

"Nisijisumbue kwa lipi? Mwanangu hajapata kupanda meli. Huzipakia tu. Wallahi hata mimi sijalala, na habari yenyewe nimeipata sasa hivi." Akacheka. "Na nimemwambia, usirudi hapa bila ya karatasi ya maalim. Swaleh asingesahau, nawe usisahau. Lakini hebu niambie. Jina lake litaandikwa?"

Nikamwambia programu imekwisha kupigwa chapa. Litakuwamo jina la Swaleh.

Akafikiri. Kisha akasema, "Basi utalifuta wewe, umwandike Kombo. Mwandiko wako ni mzuri kushinda chapa. Ikija tu, maalim. Nije nilione."

Nikasema inshallah.

Mkate ule uko mezani mpaka sasa. Swaleh amekula kipande kimoja, akasema ni mtamu, akaenda kulala na goti lake zima.

Naandika waziwazi, kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nimemzuia mwanangu kwenda mahali ambapo nadhani pana hatari, na kwa kumzuia nimempeleka mwana wa mtu. Atakwenda kwa viatu vya Swaleh. Atasimama winga ya kushoto kwa jina la Swaleh. Likitokea jambo huko, hata karatasi itasema hakuwapo.

Nami nilitambua, mkate ukiwa bado unatoa mvuke, kwamba juu ya hayo yote sehemu fulani ya moyo wangu ilikuwa imetulia kwa sababu programu bado inakuja.

Basi nikavaa kofia, nikatoka. Kabla jua halijatua nilikuwa mlangoni kwa Mwanasha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, kama nilivyozoea kuyapanga. Ningemwambia Kombo habari za Fundi Athmani, kipa na beki, na tupa. Ningemwambia kwamba goti la Swaleh ni zima. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu. Ukiliacha, hayo mengine yanakuwa uvumi wa mzee mwenye wivu, ambaye mpwa wake ameumia na sasa hataki wa jirani aende. Ukilitia, basi Mwanasha atajua nilimwona mwanawe akiingia pale nilipomtoa wangu, nami nikapokea mkate.

Kombo alikuwa ameketi kizingitini, amevivaa vile viatu. Vinampwaya. Amejaza gazeti kwenye ncha. Aliponiona akasimama kwa heshima, viatu vikagonga sakafu.

"Shikamoo, maalim."

"Marahaba."

"Viatu vya Swaleh vizito. Anakimbiaje navyo, jini yule?" Akacheka, akaniangalia akinitaka nicheke naye. Mamake alikuwa ndani akimpigia pasi kanzu ya safari na kuimba chinichini. Makaa ya pasi yalinukia mpaka nje.

Nikasema, "Kombo."

"Naam, maalim."

Alisimama wima, mikono nyuma, kama alivyosimama darasani kwangu miaka kumi iliyopita akingoja kuulizwa swali analolijua. Nikafungua kinywa. Akadhani naona haya kumwagiza, akanisaidia.

"Ni ile karatasi yako? Mama keshanambia. Nikuletee moja au mbili?"

Nikasema, "Mbili."

Kisha nikamwombea safari njema, nikarudi nyumbani.

Adhana ya Isha inaadhiniwa sasa. Nimeifungua tena safu ya sanduku, nikaiondoa ile kadi nyeupe, nikaiweka mezani karibu na mkate. Meli inaondoka asubuhi, na feri ya kwanza huvuka kabla jua halijachomoza. Mlango wa Mwanasha ungali wazi. Mwanga wa taa yao unafika hadi kwenye ukuta wangu, na namsikia Kombo akitembea uani, huku na huku, akivizoea viatu.

Maadamu angali anatembea, hakuna lililotokea bado. Je, nitavaa kofia mara ya pili, au nitaketi hapa nimsikilize tu?