Kadi Ishirini za Profesa

Baba Mtoto,

Maziwa ya mtoto yako kwenye chupa ya chai, nguo zake safi ziko kitandani. Dada yako akija saa nne kushuhudia mtoto wa mwaka mmoja na nusu "akisoma", mwambie maonyesho yamefutwa.

Asubuhi ulipokuwa unaoga, nilizichanganya kadi zako ishirini za maneno. Nikamwonyesha "mlango", akasema maji. Nikamwonyesha "simu", akasema kiatu. Amekariri mpangilio wako, Profesa. Herufi hajui hata moja. Wiki tatu hukuwahi kuzichanganya, na ofisi nzima umeshaitangazia.

Kwa hilo ningecheka tu. Lakini nilipommiminia maziwa, hakunyoosha mkono. Alikimbia kuzileta kadi, akasimama mbele yangu akisema maji, kiatu, mpira, macho yake yakiwa kwenye kikombe. Nani alimfundisha kwamba hanywi mpaka asome?

~~Kadi nimezitupa.~~ Kadi nimeziacha juu ya kabati. Uzitupe wewe uliyeziandika, kabla sijarudi, na yeye akuone.

Akiamka mpe maziwa. Usimuulize chochote. Akianza kusema "maji, kiatu" mwenyewe, usithubutu kumpigia makofi.

Mama yake