Kondoo Mwenyewe ni Mama

Ikombe,
Kyela.
9 Juni 2024

Kaka yangu mpendwa Godwin,

Ndaga. Habari za Mtwara? Shemeji Asifiwe na watoto hawajambo? Na mgongo wako, umepoa? Sisi tunapumua, ingawa samaki wametususa kidogo.

Ningepiga simu, lakini ningelia kabla sijakusalimia. Tangu Pasaka mama amehamia Matema, kwenye maombi ya yule nabii wa hema. Aliambiwa vidonge vya presha ni kumtilia Mungu shaka, akavitupa ziwani. Sasa miguu imevimba. Chungu alichokuwa anafinyanga kimebaki nusu barazani. Mke wangu Felista anakinyunyizia maji na kukifunika kwa majani ya mgomba, eti udongo usikauke kabla mwenyewe hajarudi.

Nawe unajua mchungaji wa usharika huu ni mimi. Jumapili iliyopita somo likaangukia kondoo aliyepotea! Nikahubiri huku naiona nafasi ya mama kwenye benchi. Waumini wote waliinamisha macho, kwa kunihurumia. Nikaapa kwamba kesho yake namfuata.

Nilipanda mtumbwi nimejipanga: nimkemee yule nabii, na mama nimbebe ikibidi. Nilipomwona nikachuchumaa kumsalimia, kama tulivyolelewa. Kaka, ukishachuchumaa mbele ya mama, utamkemea vipi? Nikawa naitazama ile miguu tu.

Akanishika kichwa. "Ndaga, mwanangu. Rudi kwa kondoo wako. Mimi nimeshapata mchungaji wangu."

Nikajibu, "Ndaga, mama," kana kwamba namshukuru, nikarudi zangu. Mtu mzima, tena na kola ya uchungaji shingoni! Nimejichukia njia nzima.

Yule mchungaji wa kwenye Biblia alimweka kondoo mabegani, wakaenda nyumbani. Hatukufundishwa la kufanya kondoo akiwa ndiye aliyekubeba wewe mgongoni.

Nimeshindwa, kaka, na ninaogopa. Presha haina subira. Wewe ndiye mzaliwa wa kwanza, njoo. Najua nawe utachuchumaa vilevile, lakini angalau tutakuwa wawili.

Nisalimie shemeji, watoto, na shangazi Naomi ukimwona. Felista anawasalimu sana. Ameingia ndani sasa hivi kuchota maji ya kunyunyizia ule udongo.

Bwana akutangulie njiani, maana nimeshaamini unakuja.

Mdogo wako akupendaye,
Jackson