Hakuna Msomaji

Jumatatu, 2 Juni
Nimefungua maktaba saa mbili kasoro robo. Vumbi la Mchafukoge halina likizo. Jumamosi nilifuta meza zote, leo ningeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole. Wasomaji kumi na tisa. Wanafunzi wengi, wamekimbia joto la mageto yao. Wawili walilala kuanzia saa tano. Nimewaandika. Aliyelala juu ya kitabu naye ni msomaji.

Mzee Chilumba wa kwanza, kama kawaida. Fundi cherehani mstaafu wa Mtaa wa Msimbazi. Anasoma gazeti kwa kioo cha kukuzia, anaanza na matangazo ya vifo. Anasema anahakikisha kwamba yeye mwenyewe hayumo.

Jumatano, 4 Juni
Fahmi kaja na sambusa. Nimefurahi kumwona, sifichi. Babu yake, marehemu Mzee Mbaraka, ndiye aliyeliweka jengo hili wakfu: nyumba ya kusomea, kwa mtu yeyote, wa dini yoyote. Fahmi sasa ni katibu wa wadhamini. Kwangu mimi bado ni yule wa darasa la pili aliyekuwa akiruka mistari, na mimi namrudisha kwa rula.

Habari njema. Shirika la ng'ambo limekubali kututengenezea paa lote, na rafu mpya. Miaka minane naweka ndoo chini ya rafu ya historia. Ila tufunge miezi mitatu kuanzia Jumatatu.

Nikasita. Hatujawahi kufunga zaidi ya juma. Hati ya wakfu imetundikwa juu ya meza yangu, ndani ya kioo, Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Miaka ishirini na miwili nakaa chini yake na sijui kuisoma. Mtunza maktaba mzima. Mtoto wa misheni wa Masasi angejulia wapi. Nikamwomba Fahmi anisomee, tujue kama kufunga kunaruhusiwa. Akapanda kiti, akasoma polepole, vizuri, kidole chake kikifuata mstari kama nilivyomfundisha. Mstari wa mwisho akauruka. Nikamuuliza. Akasema ule ni dua tu, na hakuna kinachokataza kufunga.

Sambusa zilikuwa za moto.

Jumatatu, 9 Juni
Tumefunga. Nimebandika karatasi mlangoni. Nitakuwa nakaa ndani, karibu na mlango, kulinda vitabu.

Nimelifungua daftari la wasomaji, nikaandika tarehe, kisha: Hakuna msomaji. Mwalimu Rashidi, Mungu amrehemu, aliyenifundisha kazi hii, alikuwa na amri mbili. Mstari hauachwi mtupu. Na msomaji ni aliyeketi mezani, siyo aliyechungulia. Siku ya mafuriko alifika amelowa mpaka kiunoni, akaandika "Hakuna msomaji, maji", akarudi kwake.

Alhamisi, 12 Juni
Mafundi wawili. Wamekwangua rangi ukuta mmoja, wamekunywa soda, wameacha ngazi, wameondoka.

Mzee Chilumba kaja vilevile. Nikamwamkia, nikamweleza tumefunga. Akasema karatasi ameisoma, kwa hiyo leo ameshasoma kitu. Akaketi kwenye kizingiti. Nimempitishia gazeti kati ya nondo za mlango. Saa nzima kasoma, mikokoteni inampita puani.

Hakuna msomaji.

Jumatatu, 7 Julai
Sabasaba. Mji mzima uko kwenye maonyesho. Mimi niko hapa, na mzee yuko kizingitini. Hakuna msomaji, sikukuu.

Ijumaa, 25 Julai
Mafundi hawajarudi. Ngazi imeanza kuota utando wa buibui. Nimempigia Fahmi, akasema vifaa viko bandarini. Jioni akapita mwenyewe. Akaomba kuona daftari. Akafunua kurasa, mstari kwa mstari, akatabasamu. Akasema hakuna anayejua kazi kama mimi, na nisiache hata siku moja.

Nimerudi nyumbani natembea kifua mbele. Nayaandika haya nikicheka mwenyewe. Utu uzima, bado napenda kusifiwa.

Jumamosi, 16 Agosti
Wanaume wawili na futi ya kupimia. Wamepima upande wa barabarani. Mmoja akasema hapa zinatoka fremu nane. Nikamuuliza fremu za nini, akaniangalia kama nimeuliza maji ni ya nini. Kariakoo hii kuna fremu za kitu gani kingine zaidi ya maduka?

Nimempigia Fahmi mara tatu. Baadaye katuma ujumbe: ni watu wa bima ya paa, mama, usijali.

Nimejali. Kisha nimejikemea. Huyu ni mtoto niliyempangusa kamasi.

Jumanne, 9 Septemba
Miezi mitatu imetimia leo. Paa lilelile. Nimemuuliza Mzee Chilumba anaonaje. Akasema mteja akikwambia suti ni ya harusi halafu haji kupimwa, jua harusi haipo. Sikupenda.

Hakuna msomaji.

Jumatano, 10 Septemba
Nimekuta barua imebandikwa juu ya karatasi yangu. Gundi mbichi. Nyumba ya kusomea imekoma, jengo linarudi kwa warithi, kwa mujibu wa mstari wa mwisho wa hati. Mwenye pingamizi afike mbele ya wadhamini Jumatatu. Sahihi ya katibu. Sahihi ya Fahmi, ile F yake yenye mkia, nilimfundisha mimi.

Nimeishusha hati ukutani, nimevuka nayo barabara mpaka kwa Ami Saleh, muuza kahawa. Kaweka birika chini, kafuta mikono, kasoma. Mstari wa mwisho si dua. Unasema: ikipita miezi mitatu mfululizo bila msomaji, na daftari la nyumba likashuhudia, basi haja ya watu imekwisha na nyumba irudi kwa kizazi changu.

Nimemwomba asome tena. Kasoma tena, kwa sauti ya chini zaidi.

Daftari la nyumba likashuhudia. Mwandiko wangu. Kalamu yangu. Kila siku, bila kukosa, kwa bidii, kama punda.

Nimeirudisha hati ukutani.

Alhamisi, 11 Septemba
Nimeenda dukani kwa Fahmi, mapazia na vitambaa. Kanipa kiti. Kaniamkia, shikamoo mama, na mdomo wangu ukaitikia marahaba kabla sijauzuia. Hilo linaniuma kuliko mengine.

Nikamwambia: "Ulipanda kiti changu, ukaniambia ni dua."

Akawa anakunja kitambaa kilichokwisha kukunjwa. Nikauliza shirika la ng'ambo liko wapi. Hakuna shirika. Halijawahi kuwapo.

Kisha akasema: "Mama, mimi sijafunga mlango. Funguo ulikuwa nazo wewe. Daftari uliandika wewe."

Akaongeza kwamba nitapewa fremu moja, ya nyuma, niuze madaftari. Nimeondoka bila kuaga. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo yenyewe niliipiga pasi.

Ijumaa, 12 Septemba
Sina la kuandika. Namchukia. Najichukia. Ugali umeungua.

Jumapili, 14 Septemba
Misa ya kwanza. Sikusikia hata neno moja.

Daftari liko hapa nyumbani, nimelibeba kwenye mfuko wa kanga. Nimelifunua mezani mchana. Chini ya kila "Hakuna msomaji" kuna nafasi. Ndogo, lakini jina la Chilumba linaingia. Kalamu ni ileile, wino uleule. Ningeandika jina moja tu, la Julai, la siku yoyote, mnyororo ungekatika.

Na tena usingekuwa uongo. Alisoma. Alikuwa pale. Hatua mbili kutoka nilipokuwa nikiandika kwamba hakuna mtu. Kila asubuhi nilimpa gazeti kwa mkono huu, kisha kwa mkono huuhuu nikamfuta. Kwa nini? Kwa sababu hakuketi mezani. Meza ambayo mimi ndiye niliyeifungia.

Nimeshika kalamu mpaka chai ikapoa. Sikuandika. Ningeandika leo halafu niweke tarehe ya Julai, ningekuwa nimepanda kiti kilekile alichopanda Fahmi. Nitasema kwa mdomo. Wataamini au hawataamini.

Jumatatu, 15 Septemba
Wadhamini watatu, chumba cha juu. Mwenyekiti mtu mzima, mpole, anaongea kama anayeomba radhi. Fahmi kakaa pembeni, kaangalia simu.

Nimesema yote. Shirika, mafundi, dua, nondo, gazeti. Mzee Chilumba nilikwenda naye, kapanda ngazi zote zile na kioo chake mfukoni. Mwenyekiti akamuuliza kama aliingia ndani.

"Mlango ulikuwa umefungwa," mzee akasema. "Nilisoma mlangoni."

Mwenyekiti akafunua daftari. Akaanza kusoma kwa sauti. Tisa Juni, hakuna msomaji. Kumi Juni, hakuna msomaji. Nilidhani atasoma chache. Alisoma Juni yote. Mwandiko wangu mzuri, hakuna herufi aliyokosea. Akavua miwani. Akasema moyo wake uko upande wangu, lakini marehemu alisema daftari, hakusema moyo. Akaniuliza kama ni kweli nimeandika mimi. Nikasema ndiyo.

Daftari limebaki kwao.

Tulipokuwa tunashuka nilimwomba Mzee Chilumba msamaha. Nikamwambia siku zote zile nilimwandika hayupo. Kanishika mkono, maana ngazi ni kali. Nilitaka anikaripie.

Jumatano, 24 Septemba
Vitabu vimechukuliwa na shule moja ya Mbagala. Afadhali. Nimevipanga kwenye maboksi ya biskuti kwa namba zake, ingawa najua watavimwaga. Ndoo ya rafu ya historia nimekuja nayo nyumbani. Fahmi kamtuma mtu kuchukua funguo, hakuja mwenyewe.

Asante ya punda ni mateke. Nimekaa kwenye kizingiti mpaka saa kumi na moja. Kigumu, kina joto. Sikujua, sikuwahi kukikalia.

Jumatatu, 6 Oktoba
Wamezungusha mabati. Kizingiti kimebaki ndani.

Nimeamka saa yangu ileile, miguu imenipeleka yenyewe. Nimenunua gazeti kwa muuza magazeti wa kona. Mzee Chilumba alikuwa kwenye benchi la Ami Saleh, ng'ambo ya barabara, ananisubiri kama nimechelewa kazini. Nikamwamkia. Nikampa kurasa za vifo, nikabaki na za mbele. Tumesoma mpaka saa nne. Ami Saleh kakataa tulipie kahawa ya pili.

Leo kwenye vifo hamna tunayemjua.

Nimenunua daftari dogo, jalada la bluu. Nimechora mistari kwa rula. Tarehe, jina, alichosoma. Mstari wa kwanza: Chilumba, gazeti, alikaa nje.