Namba Sita za Mama

Sindo,
Alhamisi.

Kwa dada yangu mpendwa Helen,

Pokea salamu nyingi kutoka huku ziwani. Mwili wangu ni mzima, namshukuru Mungu, ila usingizi umenikimbia siku tano sasa. Watoto wanaendeleaje? Yule mdogo amepona kikohozi? Nakutumia omena, dagaa wa huku ziwani, makopo mawili ya gorogoro, na dereva wa Sainab, tajiri wangu, anayekuja Migori kesho kuchukua mzigo. Waanike kidogo kabla ya kupika, maana mvua imetunyeshea wiki nzima.

Utashangaa kwa nini naandika na simu ninayo. Dada, maneno ya simu hukanwa. Nataka uwe na karatasi yenye mwandiko wangu, ambayo hata nikiogopa kesho sitaweza kuikana. Isome mpaka mwisho kabla hujafungua mdomo, na tafadhali lile begi ulilofunga lifungue kwanza.

Duka la Sainab linauza vitambaa, na mchana wateja ni wachache. Rafiki yangu Liz, mhudumu wa hoteli kule Takawiri, ndiye aliyenionyesha kasino ya kwenye simu. Alisema si ya kuweka pesa: ukijiandikisha tu, wanakupa bonasi ya bure ya shilingi mia mbili uchezee. Akanifundisha na mchezo wa kuchagua. Kuna ule unaokaa kimya ukisubiri kulipa kubwa siku moja, ndio unaomaliza watu, na kuna ule wa pole, unaokurudishia vijishilingi kila mara. Mimi huyo nikashika wa pole, nikajiona mjanja kuliko wacheza kamari wote wa Sindo niliozoea kuwacheka. Mtu asiyeweka hata senti atapoteza nini?

Lakini bonasi yenyewe hupewi mkononi. Lazima kwanza uizungushe mara arobaini, yaani dau zako zote zifike shilingi elfu nane. Nilibonyeza mpaka kidole gumba kikauma. Inapanda kumi, inashuka nane, huchoki wala hushibi. Wateja waliingia wakatoka bila mimi kuinua kichwa, mpaka Sainab akaniuliza kama nimerogwa. Yangu iliishia mara ya thelathini na moja, nikakasirika kama mtu aliyeibiwa. Na bonasi ni moja tu kwa kila kitambulisho.

Helen, nilikuwa na picha ya kitambulisho cha Mama tangu siku nilipompeleka kusajili laini. Nikamwandikisha. Namba sita za kuthibitisha zikaenda kwenye simu yake, nikampigia anisomee. Mama hajui kusoma maneno, lakini namba soko limemfundisha. Aliuliza ni za nini, nikamwambia ni za mbolea ya serikali. Akanisomea polepole, moja moja, kisha akanibariki kwa kumkumbuka. Safari hii nilifikisha mara arobaini, nikawa na shilingi mia saba. Kumbe pesa hutumwa kwa mwenye kitambulisho peke yake, yaani zingeingia kwa simu ya Mama. Nikaziacha huko huko, nikidhani mambo yameisha.

Yaliyofuata unayajua. Kasino haikumwacha Mama. Ujumbe ukaingia, naye akampa mzee wa kanisa amsomee, mbele ya kina mama wenzake, na ukasomwa kwamba amezawadiwa mizunguko hamsini ya bure. Wakamvua uongozi wa kina mama wa kanisa mpaka amtaje aliyemwandikisha. Mama akasema anachojua yeye ni namba za mbolea, na kwa kuwa Motari wako ndiye aliyeshika nakala ya kitambulisho chake akimshughulikia mbolea, macho yote yakamgeukia. Uliniambia ukilia kwamba mumeo hakujitetea hata kwa neno moja, na kwamba huko kunyamaza ndiko kulikokufanya ufunge begi. Jamani, Helen! Mkwe gani wa Kikuria atasimama mbele ya watu aseme mama mkwe wake amekosea? Hata mkono hawapeani. Mwenzako alinyamaza kwa heshima, nanyi mkasema amekiri. Nilikukasirikia sana, halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye nisiyekuwa na haki ya kukasirika.

Na Jumapili wazee wanakaa nyumbani kuamua kama urudi kwetu na ng'ombe wa mahari ya Motari warudishwe.

Mama anajua. Tangu ujumbe uliposomwa, anajua ni nani aliyempigia kuomba zile namba. Jumamosi jioni nilimpigia ili nikiri, akanikatiza. Alisema nisithubutu. Watu wa Byron, mchumba wangu, wanaleta ng'ombe wa mahari yangu Disemba, na ni ng'ombe hao hao ambao kaka yetu Matiko atawatumia kuolea. Ikijulikana kwamba nilicheza kamari kwa jina la mama yangu, hakuna ng'ombe atakayefika. Alisema wewe umeshaolewa na una watoto, na Motari ni mwanamume, atabeba. Nami, Mungu anisamehe, nikamjibu sawa, Mama.

Si sawa. Motari hajawahi kunikosea hata siku moja. Leo asubuhi nimemwambia Byron kila kitu. Alisema atafikiri.

Kwa hiyo barua hii isomwe Jumapili mbele ya wazee, Motari akiwepo na Mama akiwepo. Usimsomee Mama kabla ya hapo. Atakuomba uichome, na wewe hujawahi kumnyima Mama kitu.

Wabusu watoto. Msalimie Motari, kama bado atapokea salamu zangu. Mimi mwenyewe nitafika Jumapili, Mungu akipenda. Na nikimwona Mama usoni nikaanza kukana, usinihurumie, dada. Endelea kusoma.

Ni mimi mdogo wako,
Valentine