Taa ya matumbawe ya Baba Yusta

Jumamosi. Mvua imeanza alfajiri na haijakata. Mpanda yote tope, bodaboda wamejificha chini ya vibaraza vya maduka, na mimi nimewasha taa zote za chumbani kwangu. Zote maana yake moja, lakini nimeiwasha kwa nguvu zote.

Mnaonisoma humu mnanijua. Nauza balbu na sola karibu na stendi, nafunga nyaya, nafunga spika za baa, na shule niliachana nayo kwa makubaliano, mimi na mwalimu wote tulifurahi. Mtu wa kucheka. Leo sina hamu ya kucheka sana, ndiyo maana naandika.

Wiki iliyopita aliniita Mama Yusta. Ni mjane. Mumewe alifanya kazi Tanga bandarini miaka mingi, akastaafu, akarudi huku kwao na kitu ambacho sijawahi kukiona kwa mtu mwingine: tanki la kioo la maji ya chumvi, refu kama kitanda cha mtoto, ndani yake matumbawe. Hai. Siyo yale mawe meupe watu wanaweka juu ya kabati. Haya yana nyama laini. Yanafunguka na kujifunga, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema kitu halafu anaahirisha.

Mzee alipofariki, ndugu zake wakaja kutoka Mpimbwe na desturi ya ukoo wao. Nyumba yenye msiba, vioo vyote vinafunikwa. Wakafunika kioo cha kabati, wakafunika tivii. Wakafunika na tanki.

Nani angebisha? Si kioo?

Wakazima taa yake, wakatupia khanga juu, likakaa gizani matanga yote. Pampu tu ndiyo iliendelea kunguruma mle chini. Mama Yusta anasema wageni waliolala sebuleni walikuwa wanaulizana nani anakoroma.

Matanga yalipoanuliwa, khanga zikatolewa. Matumbawe yamejikunja, rangi ya chai iliyopoa, mengine yameanza weupe pembeni. Na taa ya mzee ikagoma kuwaka, unyevu wa chumvi ulishakula ndani. Hapo ndipo nikaitwa.

"Fundi, wamelala tu hawa," Mama Yusta akaniambia. "Nitafutie taa kabla ya Jumamosi. Shemeji yangu anakuja."

Shemeji ni Mzee Zeno, mdogo wa marehemu, mkulima wa mpunga, matanga hakuwahi, mtu mzito wa maneno. Alishasema: akikuta vitu vimekufa, tanki linatolewa, kwa sababu kitu hakiachwi kioze ndani ya nyumba ya marehemu. Na akikuta vinang'aa kama watu wanavyosimulia, tanki linatolewa pia, kwa sababu hilo ni jini. Ukimwangalia Mama Yusta unaelewa. Binti yao ameolewa mbali. Ndani ya ile nyumba hakuna kingine cha mumewe kinachopumua.

Sasa mimi najua taa za vifaranga, za bustani na za kufanya walevi waonekane vizuri. Matumbawe? Nikakaa na simu, nikaangalia video mpaka bando likaisha. Nilichoelewa ni hiki: ndani ya nyama ya matumbawe mnaishi vimimea vidogo sana, na hivyo ndivyo vinavyoyalisha. Vinakula mwanga. Bluu ndiyo ugali wao, na bluu ndiyo inatoa rangi. Nyeupe ni zaidi kwa macho yetu sisi. Na kitu kilichotoka gizani usikipige mwanga mkali siku moja, utakibabua.

Mwanzo nilijaribu taa ya urujuani niliyoifungua kwenye baa moja. Nikavuta mapazia, nikawasha.

Mama yangu!

Yale mawe ya rangi ya chai yakawaka kijani, mengine chungwa, kama makaa yanayopulizwa chini ya maji. Meno yangu kwenye kioo yalikuwa yananing'inia peke yake bila uso. Yalikuwa yanacheka. Mimi nilikuwa sicheki.

Nikaizima. Ile ni taa ya kuonyesha rangi, shibe yake ndogo. Nikaleta ya kulindia uwanja, nyeupe, kali, nayo ikayafanya yaonekane kama vinyesi vya mbuzi, na yakazidi kujikunja. Mwisho nikaagiza Kariakoo taa bapa yenye swichi mbili, bluu peke yake na nyeupe peke yake, na kila moja unaweza kuipunguza. Ikafika na basi juzi.

Hapo ndipo nikakwama. Nikiweka nyeupe nyingi, Mzee Zeno ataona rangi ya tope na kusema yamekufa. Nikiweka bluu nyingi, yatapona, lakini atakimbia akiita padri.

Na kuna jambo sikumwambia mtu.

Juzi nilipokuwa nafunga taa, waya haujachomekwa hata. Mapazia yamefungwa, mvua nje, sebule giza la mchana. Ilikuwa saa tisa. Nikaona mle ndani kitu kinajongea. Matumbawe yakaanza kuvimba taratibu, moja, halafu jirani yake, halafu yote, yakafungua vinywa. Hakuna taa. Na yote yalikuwa yameinamia upande mmoja, upande wa kiti cha Baba Yusta.

Mama Yusta alikuwa mlangoni. "Saa tisa ndiyo alikuwa anawasha," akasema, kama mtu anayekwambia bei ya nyanya.

Video zinasema vitu hivi vinazoea saa. Sawa. Na upande wa kiti ndiko dirisha liliko. Sawa pia. Nilijiambia hivyo njia nzima, kwa sauti, mpaka mama mmoja akanipisha barabarani.

Basi leo. Mzee Zeno ameingia saa tisa na koti linachuruzika, nikampa shikamoo, hakuitika vizuri. Nikaamua: mwanga nawawekea walio ndani ya maji, siyo walio nje. Bluu izidi nyeupe, zote nimezishusha, mwanga wa asubuhi ya mawingu. Yalikuwa yameshafunguka kabla sijabonyeza. Rangi ikapanda kidogo tu, kijani cha jani changa.

Mzee akasimama mbali. "Shemeji, hiki ni nini?"

Mama Yusta akasogea kwenye tanki. Akachukua dagaa waliosagwa, akachovya vidole, akaachia unga kwenye maji. Vidole vidogo vinavyozunguka midomo ya matumbawe vikaudaka unga na kuuvutia mdomoni.

"Kinakula?" mzee akauliza.

"Kaka yako alikuwa anawalisha kwa mkono wake."

Mzee akavua kofia. Sura yote ikabadilika. "Kumbe ni mfugo! Nyie mmefunika mfugo wa marehemu na khanga? Na hakuna aliyewaambia?"

Kwao, alinieleza, mtu akifa mbuzi wake wanaambiwa kabla ya kufunguliwa zizini. Wasipoambiwa wanaendelea kumsubiri, wanakonda, wanakufa mmoja mmoja.

Akasogea mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Akasema kwa Kipimbwe, polepole, kama unavyompa mtoto habari. Mimi Kipimbwe sikijui. Jina la kaka yake nililisikia.

Yakajifunga.

Siyo moja moja. Yote, kwa pamoja, kama kiganja. Kivuli chake, nikajiambia. Pumzi yake. Lakini Mama Yusta alikuwa ametia mkono majini mara ngapi, na hayakujifunga hivyo.

"Wamesikia," mzee akasema, akavaa kofia. "Tanki libaki. Mfugo wa marehemu hautupwi."

Ningefurahi. Kazi imefanikiwa, mama amebaki na kitu chake. Nikageuka nimpe hongera, nikamkuta amekaa sakafuni, paji la uso kwenye kioo.

"Na mimi ndiyo nimesikia leo," akasema.

Nikataka kuzima. Akanishika mguu wa suruali. "Acha iwake, fundi. Wakiamua kufungua wakute mwanga."

Nimetoka mvua inanyesha, sikufungua hata mwavuli. Mpaka naondoka yalikuwa bado yamejikunja.

Taa nimeichagua sawasawa, hilo naliapia. Kesho nitakwenda tena, nitakaa pale sebuleni kabla ya saa tisa, mkono kwenye swichi. Yasipofunguka, tumeuua mfugo kwa habari mbaya. Na yakifunguka gizani kabla sijabonyeza, yakainamia kile kiti, na yameshaambiwa, yatakuwa yanamwona nani?